Nana Haulizwi Mwenyewe

Mchana kweupe, wadi nzima ikisikiliza, Nana Birago alimkaribisha marehemu mume wake akae kitandani.

"Futa miguu kwanza," alimwambia. "Una tope."

Hapakuwa na mtu.

Mimi ni muuguzi wa wadi ya upasuaji, na nimefanya kazi hii mpaka miguu inavimba hata siku za mapumziko. Wazee wanaochanganyikiwa baada ya kupasuliwa nimewaona wengi. Ila huyu hakuwa mzee wa kawaida. Nana ndiye mama mkuu wa kimila wa mji wetu, na chifu haketi kitini kama si yeye aliyemtaja.

Mtu kama huyo, kwetu Waasante wa Ghana, haongei nawe mbele za watu. Unamwambia msemaji wake, naye anamfikishia. Nana ananong'ona, msemaji analitoa jibu kwa sauti likiwa limepambwa.

Msemaji wake ni Mzee Twumasi. Huyo mzee ana maneno, jamani. Akifungua kinywa hata wenye njaa wanasahau uji.

Nana aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali yetu ilikuwa imeanza utaratibu mpya kwa wazee: usimpasue mzee kabla hujamuuliza mwenyewe anataka nini, mrudishie miwani yake mapema, muulize kuhusu maumivu kila mara. Daktari Dufie, daktari wetu wa upasuaji, aliupenda sana. Sisi wauguzi tuliona ni kazi nyingine imeongezwa kwenye mshahara uleule.

Basi daktari akauliza kama ulivyoandikwa.

"Nana, unataka nini zaidi baada ya upasuaji?"

Nana akanong'ona. Mzee Twumasi akainamisha kichwa, akatafakari, akasimama.

"Nana anasema anataka kurudi kwa watu wake akiwa wima."

Daktari akaandika. Sote tukaridhika.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake daktari akapita.

"Nana ana maumivu?"

Mnong'ono. Kichwa kikainama.

"Nana anasema maumivu ni mgeni, na mgeni ameshaaga."

Daktari alicheka kidogo, akapunguza dawa. Dawa kali huwachanganya wazee, kwa hiyo kama haumwi, za nini? Na mimi nilikubaliana naye.

Hapo ndipo Nana alipoacha kula. Kisha akang'oa dripu. Kisha akaja huyo marehemu na tope lake.

Pokuaa alifika kutoka Kumasi. Huyu ni binti wa dada yake Nana, anauza vitenge, na hana subira na mtu.

"Sista, huyu anaitwa na wafu," aliniambia. "Gari linakuja. Tunampeleka kambi ya maombi."

"Mama, nyonga imeshonwa juzi. Mkimlaza kwenye mkeka mtamuua."

"Na nyie mnamfanya nini hapa? Mnamponya?"

Nilichoka hata kubishana. Nilijua akitoka vile harudi, na nilijua kwamba familia ikishaamua, muuguzi ni mtu wa kupisha mlango tu.

Nikaenda kukusanya vyombo. Mkono ukaniteleza, beseni la chuma likaanguka sakafuni nyuma kabisa ya kiti cha Mzee Twumasi.

Wadi nzima ilishtuka. Mgonjwa wa dirishani alimwita Mungu.

Mzee Twumasi hakutikisika. Aliendelea kutazama mbele, mikono juu ya fimbo yake ya usemaji.

Nikasimama palepale nyuma yake.

"Mzee Twumasi," nikamwita.

Kimya.

Nikaongeza sauti. "Mzee, nywele zako zinawaka moto."

Kimya. Nilipozunguka mbele aliniona, akatabasamu kwa adabu zote.

"Asante, binti yangu. Mungu akubariki."

Huyu mzee alikuwa kiziwi.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilipita mbele ya msemaji, nikapiga goti kando ya kitanda, nikaweka sikio kwenye kinywa cha Nana.

"Wewe, hiyo ni nini?" Pokuaa alifoka. "Mbele za watu? Huna kwenu?"

Nana alikuwa anatetemeka. Sauti ilitoka nyembamba sana.

"Inaniuma. Nimesema tangu jana. Kwa nini hamnijibu?"

Nililia. Sioni haya kusema.

Nilimwambia Pokuaa ainame asikie mwenyewe. Akainama. Alipoinuka hakutaja tena gari.

Daktari Dufie alikuja mbio, dawa ikarudishwa. Nana alilala usingizi wa kweli. Alipoamka aliuliza nani amemwacha bila kitambaa kichwani mbele za watu, na hapo tukajua amerudi. Alikunywa supu, akalalamika haina pilipili.

Mzee Twumasi nilimkuta kwenye varanda. Nilikaa upande ambao angeona midomo yangu.

"Tangu lini, mzee?"

Hakuniangalia. "Wakijua, watampa mwingine fimbo. Nitakaa wapi mimi?"

Nilitamani kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa mtu wa themanini na kitu, hospitalini kwetu kila siku, na hakuna aliyemuuliza habari ya masikio yake.

Nilirudi kwa Nana nikatafuta namna ya kumwambia taratibu.

"Nana, msemaji wako, nadhani hasikii vizuri."

Alinitazama kama ninamchelewesha.

"Najua. Miaka mingi."

"Unajua?"

"Kule barazani haikunidhuru. Nikisema neno moja la hovyo, yeye anatoa kumi ya maana, watu wanaondoka wakisema nina hekima." Alifumba macho. "Lakini huku nyonga ni yangu."

Siku ya kuruhusiwa alisimama na fremu ya kutembelea, miguu ikitetemeka lakini imesimama. Wakubwa wa mji walijaa mlangoni. Nana akanong'ona, na Mzee Twumasi akatoa shukrani ndefu mpaka Daktari Dufie akafuta macho. Watu walipiga makofi.

Mimi nilikuwa nimeinamisha sikio upande wa pili. Nilichosikia ni kwamba Nana anataka kujisaidia kabla ya safari.

Nikawaomba wakubwa wapishe njia, nikampeleka.

Ndugu yangu, kama una mzee amelazwa na kila mtu anakuambia anaendelea vizuri, piga goti umuulize mwenyewe.