Siku Niliyomkana Mama Mkwe Mbele ya Jaji

Hadi leo mke wangu akitaka kunishinda katika ubishi, anajifunika kitenge usoni na kugeukia ukuta, nami nakubali kushindwa, maana hivyo ndivyo nilivyofanya mahakamani Kolwezi, mchana kweupe, nikiwa na suti ya kuazima.

Ilikuwa miaka ile ya kufukuzana, watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, wanatolewa majumbani, wanashinda stesheni na masufuria yao wakingoja treni. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao, tukamficha chumba cha nyuma mpaka treni ipatikane. (Kwetu mwanamume hamtazami mama wa mke wake, hamsemeshi, hapokei kitu mkononi mwake, tuliishi nyumba moja miezi miwili na nilichokijua ni kikohozi chake tu.)

Nami nilikuwa na kesi. Nilimjengea mfanyabiashara mmoja depo ya bidhaa, akadai ukuta umepinda (ulipinda kidogo tu, jamani), tukapelekana mahakamani, akashinda siku ambayo sikuwepo. Hukumu ya namna hiyo lazima iletwe nyumbani kwa mtu, na siku za kukata rufaa zinahesabiwa tangu hapo. Mimi sikuona karatasi yoyote! Nilijua nimeshindwa walipokuja kuangalia mashine yangu ya kuchanganya zege ili waichukue, na bila mashine ile mimi si fundi wa mtu, basi nikakimbilia kwa jaji kuomba ruhusa ya kukata rufaa ingawa muda umepita.

Tarishi wa mahakama akaapa kwamba karatasi aliiacha nyumbani kwangu, mkononi mwa mama mmoja mzee. Nyuma yangu walikaa vijana wa kundi lile lililokuwa likiandika nyumba kwa nyumba majina ya watu wa Kasai ili wafukuzwe, nikaona nikikubali nitampoteza mama mkwe na mashine kwa mpigo mmoja.

"Tata Juge," nikamwambia jaji, "kwangu hakuna mama muzee. Huyu tarishi alikosea nyumba."

Uongo mdogo tu, nikajiambia. Palepale mlango ukafunguka akaingia mama mkwe, karatasi mkononi, mke wangu nyuma yake (alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka Mutshatsha alikokaa wiki nyingi akitafuta unga). Mwili haukuniuliza. Nilijifunika koti kichwani, nikageukia ukuta, nikaangusha benchi na mtu aliyelikalia.

"Njo huyu mama!" tarishi akapiga kelele, kwamba ndiye aliyempa karatasi.

"Tata, unamujua huyu mama?" jaji akauliza.

"Hapana," nikajibu ndani ya koti, "simujue."

"Sasa unamukimbia juu ya nini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kila mtu pale alikuwa na mama mkwe.

Kisha nikamsikia mama mkwe, kwa mara ya kwanza sauti badala ya kikohozi. "Tata Juge, niliona mutu na karatasi, niliwaza ni ya kutufukuza, nikaificha mu furushi. Mutoto wangu alikuwa mu safari. Kumupa bukwe, bwana wa mutoto wangu, mi mwenyewe, haiwezekane."

"Unaikalaka kwake, mu nyumba ya huyu tata?" jaji akauliza.

Akajibu, "Hapana, tata. Mi si mutu wa ile nyumba. Niko napita tu, nangoya treni."

Jaji akaandika muda mrefu, halafu akasema karatasi iliyopewa mpita njia haikumfikia mwenye nyumba. Nikapata ruhusa. Wale vijana hawakuandika jina. Mmoja alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko.

Mama mkwe aliondoka kwa treni wiki hiyohiyo. Nilimsindikiza nikiwa nimesimama nyuma ya behewa, kama adabu inavyotaka, nikaona miguu yake tu ikipanda, na niliona aibu kubwa kuliko ile ya koti.

Rufaa nilishinda, mashine ninayo bado, imezeeka. Ila kila ikigoma kuwaka namsikia akisema yeye si mtu wa nyumba yangu, na najua mimi ndiye niliyesema hivyo kwanza. Siku hizi mtu akiniuliza nani anaishi kwangu, hata awe na bunduki, mama mkwe ndiye ninayemtaja kabla ya wote, ingawa treni ilimchukua zamani.