Wifi, Kigari na Benchi la Mama

Wifi yangu anafanya kazi manispaa, dawati la vibali vya biashara za kando ya barabara. Ukitaka kutoa meza nje ya duka lako, kutundika magauni juu ya njia ya waenda kwa miguu, au kuchemsha chai pale watu wanapopita, lazima kwanza umpitie yeye. Na kumpitia yeye, ndugu yangu, si lelemama.

Wenzake hupima njia kwa macho, wamekaa ndani ya gari, vioo juu. Yeye huja na kigari cha mtoto. Ndiyo, kigari, kile kile alichokulia mwanangu wa mwisho. Alikiomba siku niliyotaka kukitupa, nikadhani hatimaye ana habari njema ya kutuambia. Habari gani! Alikuwa anatafuta kitu cha kusukuma. Huja saa ambazo watu wamejaa, anasukuma kigari kitupu kuanzia kona ya benki mpaka kituo cha mabasi, na pale gurudumu linapolazimika kushuka barabarani, hapo hapo anasimama, anachora mstari wa chaki na kumwita mwenye biashara. Akina mama wasiomjua huinama wamsalimie mtoto, wanakuta futi, chaki na chupa ya maji. Mtaa mzima unamwita Mama Kigari, naye anaitika bila kinyongo.

"Kwa nini usipime kwa futi tu, kama watu wengine?" nilimwuliza siku moja.

"Futi haina haraka, wifi," akasema. "Futi haijawahi kusukuma mtoto anayelia."

Nina mdomo mkali, kila mtu anajua, na mawifi wengi wangeshanikoma. Huyu nampenda. Fundi viatu, jirani yangu pale ninapouza chai, alikuwa hana kibali tangu aanze kazi, kila akiona sare ya manispaa anabeba kisanduku chake na kutimua mbio. Wifi alimfuata mpaka uchochoroni alikojificha, akiwa anahema, akamwambia, "Baba, geuza tu kisanduku kiangalie ukutani, uje uchukue karatasi yako." Mwenye duka la magauni naye alimpelekea gauni la hariri kama asante. Likarudi siku hiyo hiyo, tena limekunjwa vizuri kuliko lilivyokwenda. Ndivyo alivyo. Hanunuliki, na wala hakutangazii kwamba hanunuliki.

Sasa, biashara ya chai ninayoiendesha si yangu ya asili. Aliianzisha mama mkwe wangu, ndiye mama yake wifi, na kwa jiko lile lile aliwasomesha watoto wake wote, huyo wa manispaa akiwemo. Magoti yalipomkatalia, jiko akaniachia mimi, benchi akabaki nalo yeye. Kila asubuhi anakaa mwisho wa benchi, upande wa kushoto, kikombe mkononi, na hakuna linalompita: nani kapata kazi, mtoto wa nani ana homa, nani kamnunia nani. Wateja wengine nina hakika wanamfuata yeye, chai yangu ni kisingizio tu. Ukimnyang'anya benchi lile umemfungia ndani ya nyumba na redio. Sote tulilijua hilo.

Mtaa wetu ulimwangukia wifi maofisa wa manispaa walipobadilishana mitaa, na haikupita miezi mingi kibali chetu kikakaribia kwisha. Kwanza alimwomba mwenzake aje kukagua badala yake. Mwenzake hata kitini hakunyanyuka. "Lete nisaini," akasema. "Mama yako si mama yangu?" Wifi akaivuta ile karatasi kutoka mkononi mwake.

"Hakuiangalia hata njia," aliniambia jioni, amekunja uso. "Basi nitakuja mwenyewe."

Tulifurahi, kwa nini nidanganye? Lakini hatukukaa mikono mitupu. Fundi viatu alivizia siku wifi alipoegesha kigari akanywa chai, akakipima upana kwa mpini wa ufagio, akaukata sawasawa. Kijiti kile kikatembea meza kwa meza. Kila mtu alisogeza vitu vyake mpaka kijiti kipite, na kikishapita, basi, hakuongeza hata kidole. Mimi nami nilisogeza benchi hivyo hivyo. Tulijiona wajanja hatuna mfano.

Siku ya ukaguzi ikafika. Wifi akaja anasukuma, uso wa kazi, hakuna cha wifi wala nini. Magurudumu yakapita kati ya benchi na nguzo ya taa bila kugusa popote. Nikapiga kigelegele. Fundi viatu akashindwa kujizuia, akanyanyua kijiti juu. "Tumekupimia, Mama Kigari! Mtaa mzima umepimwa!" Wifi alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mkwe naye akacheka pale benchini, mabega yanatikisika.

Basi, tukiwa katikati ya kicheko, upande wa pili akatokea mama mmoja amemshika mkono mtoto mdogo, wa kutembea tembea tu. Akaona kigari kimejaza njia. Watu wamezoea; akashuka barabarani na mtoto akashuka naye. Pikipiki ilikuwa inakuja. Nilisikia honi, nikasikia breki. Kufumba na kufumbua wifi alikuwa ameachia kigari, amemdaka mtoto kwa shati na kumrudisha juu. Hakuumia. Kiatu kimoja tu kilibaki barabarani, na mtoto akaangua kilio cha kuita mji mzima.

Hakuna aliyecheka tena. Wifi alimvalisha mtoto kiatu, akampa pole mama yake, kisha akatugeukia.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimewazoesha kupima kigari. Huwa nasukuma upande mmoja tu, sijawahi kufikiria anayekuja mbele yangu."

Akainama na chaki, akaanza kuchora upya, safari hii akiacha nafasi ya watu wawili kupishana. Mstari ulikuja, ukakata katikati ya benchi, ukapita chini ya miguu ya mama yake. Mama mkwe akainua miguu ampishe.

"Jiko linabaki pale ukutani, na meza," wifi akaniambia, haniangalii usoni. "Benchi haliwezi. Kesho nitapita tena."

Jioni ile nyumbani palichafuka. Nilimwambia ana roho ngumu kama jiwe. Nilimwambia shule aliyosoma imelipiwa na benchi lile. Mume wangu, kaka yake, akajaribu kwa upole, "Dada yangu, mwaka huu tu. Mama amebakiwa na nini kingine?" Chakula cha wifi kilipoa mbele yake.

"Mkitaka niandike, nitaandika," akasema mwisho. "Kalamu ninayo. Lakini yule mama akipita tena na mtoto wake, nani kati yenu atamwambia ashuke barabarani kwa sababu benchi ni la mama yangu?"

 Nilimwona anafuta macho kwa kiganja, haraka haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Mama mkwe alinyanyuka akaenda kulala bila kutoa kauli, wala kwa mwanawe wala kwetu. Mimi nilimnunia wifi na sijuti. Mtu akikuumiza unanuna, hata kama ana haki.

Asubuhi alikuja kwa miguu, kibali mkononi, bado hakijaandikwa. Mama yake alikuwa amekaa mahali pake. Huyu mwanamke ambaye huwaambia wenye maduka makubwa waondoe mabango yao bila kupepesa jicho, alisimama mbele ya lile benchi.

"Mama," akasema. Halafu basi.

Mama mkwe akamaliza chai yake taratibu, hakuacha hata tone. Akanipa kikombe. Akashika goti, akanyanyuka.

"Shika upande ule," akamwambia binti yake.

Wakalibeba wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka uani, nyuma ya pale anapokaa fundi viatu. Nilitaka kusaidia, mama mkwe akanikata jicho, nikarudi jikoni kwangu. Waliporudi, wifi aliandika kibali juu ya meza yangu.

Mteja mmoja wa siku nyingi, wa lile lile benchi, akatua kikombe kwa kishindo. "Mtoto gani huyu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "anamnyanyua mama yake mzazi mbele za watu?"

Wifi aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshashika birika, na Mungu ndiye anajua ningelifanyia nini, maana jana ni jana, lakini leo usimguse wifi yangu. Mama mkwe alinitangulia. Alikuwa ameegemea meza kwa mikono miwili, magoti yakimsumbua, lakini sauti ilikuwa ile ile ya zamani.

"Mwache mwanangu," akasema. "Ningemlea vibaya, saa hizi ningekuwa nimekaa."