Mtoto Hadai Mshahara

Dada yangu hakujaliwa mtoto, na kwa kuwa watu hawatulii mpaka mwanamke awe mama wa fulani, walimwita Mama Mikate. Alioka nyuma ya nyumba yake: tanuri la matofali, mashine ya kukandia unga, meza ndefu iliyobonyea katikati. Na alikuwa na yule tuliyemwita Mpole, aliyekuja kuomba kibarua cha kubeba magunia, akabaki hadi ndevu zikamjaa.

Mshahara haukuwahi kutajwa. Mpole alilala stoo ya unga, alikula mezani kwa dada, na akiugua dada ndiye aliyempeleka zahanati. Akitaka shati, aliomba. Akitaka nauli, aliomba. "Huyu ni mwanangu," dada aliwaambia wateja, na uso wake ulichangamka kweli, sitamsingizia. Mpole naye alimwita mama, na mimi mama mdogo. Nilimwambia dada ampangie mtu mzima huyu mshahara, akanijibu kwamba nina roho ya karani.

Kisha Mpole akapata mchumba. Alipokwenda kujitambulisha, baba wa msichana alimuuliza analipwa kiasi gani. Mtu anayelisha mtaa mzima mikate akakosa jibu. Mkono mtupu haulambwi. Walimpa maji ya kunywa, wakamsindikiza hadi mlangoni.

Alirudi akamkuta dada mezani. "Mama, nataka nikajitegemee. Naomba haki yangu ya miaka yote hii."

"Haki gani?" Dada hakuacha kukata madonge ya unga. "Tangu lini mtoto akamdai mama yake mshahara? Umekula hapa, umelala hapa. Kweli fadhila ya punda mashuzi."

"Sawa, mama," alisema Mpole. Kesho yake akaenda ofisi ya kazi.

Tuliitwa. Afisa alikuwa mama mmoja mwenye mafua, anapenga kamasi kila baada ya maneno mawili, na mimi nilishajiandaa kumdharau. Alimsikiliza Mpole hadi mwisho, akamgeukia dada. "Huyu ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Na siku ukifumba macho, tanuri umemwandikia nani?"

Dada alikuwa amemwandikia mtoto wa kaka yetu, mvivu asiyejua tofauti ya hamira na chumvi. Alimtaja kwa sauti ya chini. Uvivu hakuutaja.

"Basi dada yangu, nikusaidie. Mtoto halipwi mshahara, lakini anarithi. Mfanyakazi harithi, lakini analipwa. Chagua moja niandike."

Mpole alikuwa anamtazama dada, si afisa. Nina hakika kama dada angesema mtoto, akamwandikia hata nusu ya tanuri, madai yale yangefutwa palepale na wangerudi nyumbani pamoja. Lakini dada alikuwa anapiga hesabu. Namjua, midomo huwa inamcheza.

"Ni mfanyakazi," alisema.

Alilipa fedha yote iliyoamuliwa. Aliuza mashine ya kukandia, akarudi kukanda kwa mikono, peke yake, huku akitamba kwangu kwamba sasa hadaiwi na mtu. Niliumia kumsikia. Mwaka haukuisha, kifua kikamlaza hospitali, na homa ilipompanda hakumwita mtoto wa kaka. Alimwita Mpole. Nikampigia simu.

Alikuja asubuhi, nadhifu, kapu mkononi. "Shikamoo, mama mdogo." Machozi yalinilenga. Kitanda cha dada kilikuwa cha kwanza karibu na mlango, na sauti ile aliitambua. Alianza kujinyanyua, ananyoosha shuka.

Muuguzi akamzuia Mpole mlangoni. "Saa hizi tunaruhusu watu wa familia tu. Wewe ni mtoto wake?"

Mpole hakujibu kwa hasira. Ningependa angejibu kwa hasira. "Hapana, sista. Nilikuwa mfanyakazi wake."

"Basi rudi jioni, saa ya kuona wagonjwa."

Akanikabidhi kapu, akaniomba nimpe dada pole, akaondoka. Nilipogeuka, dada alikuwa amefumba macho, mkono bado umeshika shuka.

Jioni aliniomba nimketishe mapema na kumchana nywele. Tukakaa tunautazama mlango mpaka wageni wote wakatolewa.