Buluu ya Bangili

Sonara na mkewe walifanya kazi chumba kimoja, wamepeana migongo. Mume aliunga fedha. Mke alijaza nakshi kwa rangi ya unga wa kioo, kisha akaichoma tanurini. Kila mtu na moto wake.

Sonara alikuwa na nyaya za lehemu za aina tatu kwenye kopo. Laini, inayoyeyuka upesi, ameiacha imenyooka, ya kati ameikunja ncha mara moja, ngumu mara mbili, ili vidole vijue hata macho yakichoka. Siku hizi vidole vilikwenda kwenye iliyonyooka tu. Tangu pete ya mteja imyeyukie mezani, aliogopa ile ngumu, kwani huyeyuka pale ambapo fedha yenyewe nayo imekaribia kuyeyuka.

Ndipo mkewe akamletea bangili ya marehemu mama yake. Bawaba imekatika, maua yamebanduka buluu yote. Binti yao alikuwa anahamia mbali kwa mumewe, na hakuomba kitu kingine.

"Nitaunga kwa laini," alisema sonara. "Aivae hivyohivyo, nyeupe."

"Bila buluu si ya mama. Na buluu lazima iingie tanurini."

"Humo bawaba itafumuka."

"Basi tia ngumu."

"Ikiyeyuka, mama watoto, hakuna nyingine."

"Unaniambia mimi? Mama alikuwa wa nani?"

Sonara alitoa waya ulionyooka, akaurudisha. Akatoa uliokunjwa mara mbili, akaukatakata vipunje.

"Mkono ninao," alisema, bila kugeuka. "Ni macho. Wekundu wa kuunga na wekundu wa kuharibu, siku hizi nauona mmoja."

"Muda wote huo umenyamaza?"

"Ungenicheka."

"Nitakucheka sasa."

Akamcheka kweli, hadi akajifuta machozi. Kisha akafunga madirisha ili rangi ya moto ionekane, akahamishia kigoda chake upande wa mumewe. Wekundu wa tanuri yeye mke alikuwa akiutazama kila siku ya Mungu.

Sonara akawasha moto.

"Bado," alisema mke. "Bado. Tulia wewe, una haraka ya wapi? Bado... Toa!"

Lehemu iling'aa ghafla, ikakimbia ndani ya ungio kama maji kwenye ufa.

Bangili ilipoingia tanurini, maua yamejazwa unga upya, sonara aliosha kikombe kilekile mara mbili. Ilitoka na maua meusi kwa joto. Ilivyopoa, buluu ikaja polepole, kutoka kingoni hadi katikati. Bawaba ikafunguka, ikafunga. Petali moja tu, karibu na bawaba, ilikuwa imelegea ncha kwa moto.

"Hapa ulichelewa kusema," alisema sonara.

"Hapa ulichelewa kusikia, kiziwi wee."

Alinyoosha mkono kuchukua tupa aisawazishe. Mkewe akaisogeza mbali.

Binti alipoivaa, aliifungua na kuifunga, akaifungua na kuifunga.

"Utaivunja tena," mama yake alimfokea, "na mimi sikai tena kwenye moshi wa babako."

Kigoda chake kilikuwa bado upande ule wa mumewe.