Mama wa Dodoma na Sauti ya Chungu

Nakumbuka gulio moja la Mlalo, soko letu la milimani, wakati huo mimi ni binti mwenye nguvu na mdomo mrefu. Tuliteremka mapema, mimi na shangazi yangu aliyenifundisha kufinyanga, vyungu vichwani, ukungu bado umelala mabondeni. Shangazi alikuwa fundi hasa. Sisemi hivyo kwa sababu ni ndugu yangu; waulize waliokula maharage yaliyopikwa kwenye vyungu vyake. Na siku hiyo, katikati ya vyungu vyake, kulikuwa na kimoja changu, cha kwanza kabisa kufaa kupelekwa sokoni. Sikukiacha hata kwenda kunywa chai.

Akaja mama mmoja. Akakiinua changu, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akakigeuza, akagonga upande wa pili. Mwanangu, wewe uliyekulia kwenye masufuria huenda hujui: chungu kizima kikigongwa hulia, chenye ufa hukohoa, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Ndiyo maana kwetu hakuna anayenunua chungu bila kukigonga. Nilijua yote hayo. Lakini alipokigonga tena na tena, damu ilinichemka, nikamnyang'anya.

"Kama huniamini, nenda kwa wengine!"

Shangazi hakunifokea mbele ya mteja. Alikitoa chungu mikononi mwangu, akamrudishia yule mama kwa mikono miwili. "Samahani dada, kigonge tu mpaka moyo wako utulie." Kisha akaniinamia sikioni. "Waliopita bila kugusa ndio wasiokutaka. Huyu moyoni ameshaanza kukipeleka jikoni kwake. Sasa wewe unakasirikia nini, kama unajua ulichofinyanga?"

Yule mama alikinunua. Nilirudi nyumbani nimenuna, na huku nimefurahi mpaka nashindwa kula.

Leo vidole vyangu vimekakamaa, ila bado nafinyanga. Mwaka huu mjukuu wangu Rehema ametufungulia tovuti, sisi akina mama wafinyanzi wa kijijini, ili vyungu vyetu vinunuliwe hata na watu wasiowahi kupanda milima hii. Aliitengeneza mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima, akipanda kilimani kutafuta mtandao, maana huku kwetu simu hushika inapojisikia. Alipiga picha chungu kimoja kimoja, akaandika kimefinyangwa na nani na kinafaa kupikia nini. Siku aliyotuonyesha, nilipoliona jina langu chini ya chungu changu, nilijifanya napenga kamasi ili wenzangu wasione machozi.

Wiki zikapita, hakuna aliyeagiza. Wenzangu wakaanza kurudi kwenye kabichi zao, wakisema mambo ya mtandao ni ya watu wa mjini. Kisha mama mmoja wa Dodoma akaandika kwenye sehemu ya maoni, hadharani: "Picha nzuri, lakini nitajuaje kama havina nyufa? Nimeshatapeliwa mtandaoni, sitaki tena."

Rehema alinijia macho mekundu. "Bibi, nayafuta haya. Ametuita matapeli! Na ndiyo maoni ya kwanza, kila atakayeifungua tovuti atayaona."

Nikamwambia akae. Nikamsimulia ya shangazi, kama nilivyokusimulia wewe. Sikumwambia afanye nini, maana mambo ya tovuti siyajui. Aliinuka, akaingia tunakohifadhi vyungu.

Alikigonga kila chungu huku simu ikirekodi, ili chini ya kila picha mteja asikie sauti ya chungu chenyewe. Kisha akakitafuta kimoja kilichopasuka wakati wa kuchomwa, tena kilikuwa changu, akakigonga mbele ya simu na kusema, "Hiki kina ufa, sikia kinavyokohoa. Hiki hatuuzi." Hilo hakufundishwa na mtu. Hata shangazi asingelifikiria. Nilijivuna, mwanangu, nakuambia bila aibu.

Maoni hakuyafuta. Chini yake aliandika: "Shikamoo mama. Una haki ya kuuliza. Tafadhali sikiliza kwanza, kisha uchague."

Mama yule alisikiliza, akachagua chungu changu. Tulikifunga kwa majani makavu ya migomba, kikashuka na basi hadi Mombo kwenye barabara kuu, na kutoka hapo kikaendelea na safari ya Dodoma. Usingizi ulinipaa. Kona za mlima huu unazijua. Kama kingefika vipande, nani angetuamini tena, na ningemwambia nini mtoto huyu?

Siku moja nimeshika udongo, Rehema akaja mbio na simu. Ujumbe wa sauti. Mwanzoni hapakuwa na neno, ila mtu anagonga chungu. Akagonga tena. Kilikuwa kinalia, safi kabisa, huko Dodoma jikoni kwa mtu. Ndipo yule mama akasema, "Bibi, shikamoo. Kimefika kizima. Naomba vingine viwili, na dada yangu naye anataka." Nilimwambia Rehema arudie, akarudia mpaka simu ikaisha chaji. Wenzangu wote wamerudi kwenye udongo.

Basi mwanangu unayefungua biashara yako mtandaoni, picha nzuri weka, lakini usiishie hapo. Jiulize mteja angefanya nini kwa mikono yake kama angekuwa amesimama mbele yako, kisha umfanyie wewe. Kama angevuta mshono wa nguo, uvute mshono aone. Kilichoharibika kiseme mwenyewe kabla hajakigundua. Anayekuuliza sana usimfute. Mjibu kwa heshima, na kama ni mkubwa wako anza na shikamoo. Na swali likikuuma, nenda kwanza ukaiangalie kazi yako.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe kazi usiyoogopa ikichunguzwa, akupe na wateja wengi wa kuichunguza. Amina.