Mkono wa Kushoto

Kila nikisafisha chujio la mkaa hapa maabara, harufu yake hunirudisha kijijini Haneti.

Tulikuwa wasichana wawili, skauti, tukichuja maji ya lambo kwa mkaa na mchanga ndani ya ndoo iliyotobolewa. Wazo lilikuwa la mwenzangu. Nilipoogopa kulieleza mbele ya wavulana, alininong'oneza, "Sema tu, hawakuli." Nikasema.

Siku aliyokuja kuniaga, ng'ombe wa mahari yake walishafika kwao. Akaninyooshea mkono wa kushoto, kama tunavyosalimiana skauti. Baba yake, aliyesimama nyuma, akafoka, "Adabu gani hiyo? Toa wa kulia!"

Hakuurudisha. Alinitazama tu, akingoja.

Nikamwamkia mzee shikamoo, kisha nikamtolea mwenzangu wa kulia.