Milango ya Mustansir

Kwa miaka sita, kila Jumapili, Mustansir amekuwa akifunga duka lake la vipuri vya baiskeli na kuzunguka Tabora kupiga picha za milango ya nakshi iliyobaki tangu enzi za misafara. Huziweka kwenye ukurasa wake mtandaoni, na chini ya kila picha huandika mtaa na jina la mwenye nyumba. Aliona ni heshima.

Juzi alikwenda Gongoni kumjulia hali Bi Nyamizi, mjane mwenye mlango uliosifiwa kuliko yote. Alikuta uwazi umezibwa kwa bati.

"Shikamoo, bibi. Mlango uko wapi?"

"Marahaba. Nikuulize wewe! Si watu wako waliuchukua, wakautie dawa ya mchwa?"

"Watu wangu?"

"Walikuja na ile picha uliyoupiga mlango, imo kwenye simu, jina langu wanalijua. Nikawapikia na chai, mjinga mimi."

Jioni Mustansir alikusudia kuufunga ukurasa mzima. Lakini milango tisa ya waliobomoa nyumba zao haikuwa imebaki popote ila humo. Basi akafuta majina na mitaa tu. Alianza na la Bi Nyamizi.